Mpangaji Aliyekataa Sakafu ya Saruji

Mpendwa Tantine Huguette, naomba msaada wako, ila ukiisoma barua hii redioni nakusihi usilitaje kanisa langu.

Mimi ni Mama Adèle, mjane, muuza vitenge hapa Kolwezi, na miaka yote wenzangu walipokuwa wakinunua dhahabu za kuvaa mimi nilinunua matofali, mpaka nikapata nyumba yangu kule Kasulo, vyumba vya mbele na kijumba cha nyuma, nikaipangisha yote, kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza kazi yangu najibu kwamba mimi ni mwekezaji, mdogo lakini mwekezaji.

Mbele nilimweka mshonaji, Mignonne, na watoto wake, na nyuma nikamweka kijana anaitwa Dady, na Tantine, kama mbinguni kuna wapangaji basi wako kama Dady, maana kodi anaileta kabla sijaikumbuka, unga na sukari ananiletea, mlango ukiharibika anautengeneza mwenyewe, na siku nilipotaka kumwekea sakafu ya saruji kama ya mbele alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, hapana tia simenti, simenti inaniletea kikohozi, udongo njo muzuri kwa kifua," nikaona huruma na furaha kwa pamoja, kwani ni mpangaji gani anayemkataza mwenye nyumba kutumia pesa zake? Rafiki zake walikuja kila siku, wakaniambia ni kikundi cha maombi, na kweli waliimba kwa nguvu asubuhi hadi jioni, mimi nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba nyumba yangu imekuwa mahali pa ibada.

Mignonne yeye ni malalamiko tu. Mara ukuta una ufa, mara mlango haufungiki, na juzi akaniita nione cherehani yake imeinama kwa sababu saruji imepasuka na mguu mmoja umezama. "Mama, batoto banasikia bantu banapiga chini ya kitanda," akasema. "Mi naogopa." Nikamwambia anashona kwa nguvu mno.

Lakini moyo ulinikataa, nikazunguka nyuma bila kupiga hodi, na pale kilipokuwa kitanda cha Dady nikakuta shimo, Tantine, shimo la kushuka mtu na kamba yake, na kule chini kuna taa na watu wanaimba. Dady wala hakushtuka. "Mama, hapana ogopa," akasema. "Hapa bote banachimba. Iko chini ya nyumba yako, iko yako. Tutagabana." Akaniwekea mkononi jiwe jeusi la madini ya kobalti kama zawadi.

Sasa Mignonne anasema atakwenda kwa chifu wa mtaa. Upande wa pili kuna Tata Polycarpe, mstaafu tunayesali naye, anatafuta nyumba ya uzeeni na hii ameipenda, ila nyuma hajafika. Nikipokea mgawo wa Dady naweza kujenga nyumba nyingine, nikimuuzia Tata Polycarpe kabla ya mvua napumzika na kelele zote. Swali langu ni dogo tu, nitamtoaje Mignonne kwa upole ili nisimpoteze mpangaji mzuri?

Mama Adèle

Tantine Huguette anajibu:

Mama Adèle, swali lako limenifurahisha kwa sababu jibu lake ni fupi. Mtoe Mignonne. Mtoe leo, kabla cherehani haijawashukia wale waimbaji. Gari la kuhamisha vitu ulilipe wewe, na garanti yake, ile amana aliyokuwekea alipoingia, umrudishie yote.

Najua mjane anavyojinyima mpaka ukuta usimame, na kwa hilo nimekusikitikia kweli. Lakini mama, wewe ni mtu wa Kolwezi! Hapa mtoto wa shule ya msingi akisikia kwamba mtu mzima amekataa saruji, anauliza wamefika kina gani. Wewe uliambiwa kifua, ukaamini kifua, kwa kuwa kodi iliwahi.

Dady ni mpangaji mzuri, sikatai. Anakulipa nyumba huku akiihamisha kwa magunia. Na huo mgawo usahau, kwani yaliyo chini ya ardhi ni ya Serikali, na shimo likiporomoka Dady atatafutwa bila kupatikana, wewe utapatikana bila kutafutwa. Hata hivyo walio chini nao wana mama zao. Watoke kwanza wote, ugomvi uje baadaye.

Kwa chifu wa mtaa nenda mwenyewe, leo hii, usingoje kupelekwa. Usijaze shimo kwa koleo lako ukapaka na rangi juu. Waje watu wanaojua mashimo, wakuambie kama nyumba itabaki au itabomolewa. Kodi utaikosa, na huenda na nyumba utaikosa. Inauma, nami sina dawa ya hilo.

Tata Polycarpe mpeleke nyuma, ashike ile kamba kwa mkono wake. Au ulitaka kumuuzia shimo, halafu Jumapili umpe mkono wa amani?

Mpaka Mignonne apate pengine, yeye na watoto walale sebuleni kwako, cherehani ipige kelele humo humo, na akilalamika, safari hii umsikilize. Barua yako ni ndefu, mama. Umenitajia jina la mchimbaji, umenitajia jina la mnunuzi, hata unga na sukari umeviandika. Wale watoto wanaolala juu ya shimo hukuniandikia jina la hata mmoja. Nenda ukawatoe, na wakishafika nje uwaulize wanaitwa nani.