Mshale Ulioonyesha Thelathini

Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa katika kituo cha polisi, Kampala, siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1974, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Ambroise Mugisho. Umri: miaka 43. Kazi: fundi wa magari, hasa spidomita. Makazi: Namuwongo, karibu na reli. Mzaliwa wa Bukavu, Zaire.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Naeleza habari ya gari aina ya Humber, jeusi, la mwaka 1953, mali ya Kapteni Saverio, na habari ya dereva wake, Fabiano Opoka, mliyemfungia hapa kwa kosa la kutaka kumuua bosi wake kwa gari. Opoka hana kosa. Kosa ni langu na nitalieleza lilivyo.

Mnamo tarehe 25 Februari Kapteni alileta gari hilo gereji kwetu, Nsambya. Difu, yaani sanduku la gia la ekseli ya nyuma, ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Nilipoifungua nikakuta meno yameliwa. Spea hakuna, afande, wewe mwenyewe unajua; tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe hata nati unaitafuta wiki nzima. Nikapata difu ya Humber ya miaka ya baadaye, ilikuwa imelala kwenye majani huko Namuwongo. Nikaifunga, gari likanyamaza.

Lakini difu ile haikuwa sawa na ya kwanza. Kwa difu ya zamani, gurudumu likizunguka mara moja, shafti, ile nondo inayotoka kwenye injini, inazunguka karibu mara tano. Kwa hii nyingine haifiki hata mara nne. Na spidomita haijui habari za gurudumu, inahesabu shafti tu. Kwa hiyo mshale unasoma kidogo, na gari linakimbia kuliko unavyoona. Dawa yake ni kubadilisha gia ndogo inayozungusha waya wa spidomita. Gia hiyo haikuwepo Kampala nzima. Nilimwagiza mfanyabiashara mmoja aniletee kutoka Nairobi.

Ijumaa tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, nililijaribu gari kwenye barabara ya Ggaba. Hiyo ndiyo desturi yangu, sitoi gari bila kulipima. Nilishikilia mshale kwenye maili thelathini, nikatazama saa yangu kutoka jiwe moja la maili mpaka la pili. Ukienda thelathini, ni dakika mbili kamili. Mimi nilitumia dakika moja na nusu. Maana yake mshale ukisema thelathini, gari liko arobaini. Nilirudia mara tatu, jibu lile lile. Basi nikakata plasta ya kidonda, nikaibandika chini ya kioo cha spidomita, nikaandika kwa wino: 30 NI 40. Nilitaka ikae pale mpaka gia ifike.

Jumamosi tarehe 9 Machi, saa tano asubuhi, Kapteni alikuja na Opoka. Opoka akaenda bombani kuchota maji ya rejeta. Kapteni akaiona plasta. Akasema, "Gari yangu iko mgonjwa? Nani amefunga yeye bandeji?" Nikaanza kumweleza habari ya gia, hakutaka kusikia. Akasema, "Fundi mzuri hawezi rudisha gari na plasta. Toa. Andika kwa kadi, spidomita iko sawa." Sisemi kwamba Kapteni alijua. Aliona bandeji, maandishi hakuyasoma. Mimi nilijua. Niliibandua kwa kucha zangu mwenyewe, nikaandika "sawa" kwenye kadi ya kazi, nikatia sahihi.

Opoka akarudi, akamwaga maji, akakaa kwenye usukani. Akaniuliza, "Mzee Ambroise, hii spidi inasema kweli? Bosi amenikataza kupita thelathini, gari ni mzee." Huyo kijana ndivyo alivyo. Akiambiwa thelathini ni thelathini, hata nyuma wapige honi mpaka wachoke. Kapteni alikuwa amesimama pale pale, mkono juu ya paa. Nikajibu, "Inasema kweli, mwanangu. Nenda salama."

Hapo ndipo penye aibu yangu. Ningeweza kumwita aje tuangalie oili, nikamnong'oneza. Ningeweza hata kumkanyaga mguu. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, najisifu kwamba mimi si kama mafundi wanaorudisha nyuma namba za maili ili gari lionekane jipya, halafu siku niliyoulizwa uso kwa uso nikadanganya. Afande ameniuliza kama Kapteni alinitisha kwa silaha. Hapana. Hakugusa hata mkanda wake. Niliogopa tu. Andika hivyo hivyo: aliogopa.

Jumapili tarehe 10 Machi, alasiri, mvua ilinyesha. Mimi sikuwepo. Habari nilizipata Jumatatu asubuhi kwa Adong, mke wa Opoka, aliyekuja gereji na mtoto mgongoni. Alisema gari liliteleza kwenye kona ya mteremko wa kwenda Ggaba, likaingia mtaroni, Kapteni akavunjika mfupa wa bega. Opoka akawaambia polisi alikuwa kwenye thelathini. Polisi wakapima alama za matairi, wakasema si chini ya arobaini. Ndipo Kapteni akasema dereva anayedanganya hivi ana lake jambo, alitaka kumuua. Adong akaniuliza, "Baba, wewe ndiye uliligusa. Spidi ilikuwa nzima?" Nilimwambia nina kazi nyingi, aje siku nyingine. Akasema, "Asante, baba," akaenda. Afadhali angenitukana.

Nilimweleza mke wangu, Séraphine. Akalia. Akasema, "Sisi ni wakimbizi, Ambroise. Mkimbizi hatoi ushahidi. Utaingia wewe, na yule hatatoka." Simlaumu, ana watoto wanne. Nilikaa Jumatatu, nikakaa Jumanne.

Jana Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, yule mfanyabiashara alinikabidhi gia. Ina meno kumi na tano. Iliyomo garini ina ishirini. Nilikaa nayo kiganjani mpaka chakula kikapoa. Kuifunga ni kazi ya nusu saa. Ee Mungu wangu, nusu saa! Séraphine alinitazama, akasema, "Basi nenda."

Naitoa gia hiyo pamoja na kadi ya kazi. Gari liko hapo uani kwenu. Msiniamini mimi, nimeshasema uongo. Pigeni alama ya chaki kwenye gurudumu la nyuma na kwenye shafti, lisukumeni mpaka gurudumu lizunguke mara moja, mhesabu. Opoka aliona thelathini kwa macho yake. Alama za matairi nazo ni za kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, ulitoka mdomoni mwangu. Naomba afunguliwe. Kama ni lazima mtu akae mahali pake, mimi nipo.

Nimesomewa maneno haya kwa Kiswahili. Ni yangu yote, na sina la kupunguza.

(Sahihi) A. Mugisho

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Okullo, yakaisha saa nne na dakika arobaini. Nimepokea kadi moja ya kazi na gia moja ndogo. Konstebo wawili wamelisukuma gari mbele yangu na kuhesabu kama shahidi alivyoelekeza. Shafti imezunguka mara tatu na zaidi ya nusu, haikufika nne. Shahidi amesema kweli.

Mtuhumiwa Opoka hayupo kituoni. Kwa mujibu wa kitabu cha mahabusu, alichukuliwa jana Jumatano saa kumi jioni na watu watatu waliovaa kiraia. Hawakuacha majina wala hati.

Shahidi hajaambiwa. Alikuja na sufuria ya muhogo na samaki, kapika mkewe, akaniuliza kama naweza kumfikishia Opoka kabla haijapoa. Nimeipokea.