Miisho Niliyomtengenezea Mama

Jumapili, 7 Septemba

Vifungo ishirini na sita. Sinema mbaya kabisa!

Hicho ndicho kipimo changu. Nashona sare za shule hapa Bondeni, na sinema ikinichosha mkono unarudi wenyewe kwenye vifungo vya mashati ya watoto. Ikiwa nzuri, sindano inasimama. Ya leo ilitoka Nigeria — mama mkwe, mkaza mwana, sumu kwenye supu, na kila mtu anapiga kelele sebuleni. Saa mbili na nusu! Supu yenyewe ilionekana tamu, hilo nakubali.

Mama alikuwa kando yangu kwenye kochi, kama kila Jumapili baada ya kanisa tangu ahamie kwangu mwezi wa pili. Macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo namsimulia. Zile zinazotafsiriwa na madijei hazitaki. Anasema dijei anabweka kama muuza dawa ya panya. "Niambie wewe."

Mwishoni mama mkwe alikunywa supu yake mwenyewe akafa. Nikamwambia Mama kwamba alitubu, akasamehewa, wakaketi wote wakala wali. Mama akasema, "Mm."

Uongo huu nilianza mwezi wa tatu, na mbwa wa sinema moja. Mama alikuwa amempenda sana yule mbwa, nikashindwa kumuua. Tangu siku hiyo hakuna anayekufa kwenye TV yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Hospitali. Daktari kijana, mpole, hana haraka. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limekomaa, lipasuliwe kwanza, tarehe 30. Tukizidi kukawia litakuwa gumu, na hapo hata yeye hawezi kuahidi kitu. Tumjibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama akasema hapana. Kwa adabu, lakini hapana. Rafiki yake wa Subukia, mamake Ndegwa, alipasuliwa akarudi na giza tupu. Nikamweleza kwamba yule alikuwa na ugonjwa mwingine. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa ndani ya jicho lake?"

Nimempigia Sitati, kaka yangu, kule Ndabibi. "Wachana na yeye, Cele. Mathe amezeeka, usimforce." Rahisi kusema ukiwa mbali! Si yeye anayemsikia Mama akipapasa ukuta asubuhi, anatafuta mlango wa choo, na hataki kuita mtu.

Jumamosi, 13 Septemba

Becky, yule msichana wa duka la movie, mlango wa tatu kutoka kwa cherehani yangu, amenijazia flash. "Auntie, hii ya Korea ni moto. Na hii ya India — kuja na tissue."

Tumeanza na ya Korea. Mpishi amepoteza uwezo wa kuonja, halafu anampenda binti wa muuza samaki. Vifungo vinne tu. Nimempenda yule mpishi, ana huzuni ya mtu mzima, si ya kujionyesha. Kosa lake moja: wanaangaliana mno. Dakika tano nzima mtu anaangalia mtu! Mimi nitasimulia nini hapo?

"Wanafanya nini sasa?" Wanaangaliana, Mama. "Bado?" Bado. "Hao hawana kazi."

Mwishoni anapanda treni peke yake na binti anabaki stesheni. Si haki, baada ya kuangaliana kote huko. Treni yangu ikaharibika, mpishi akashuka, wakarudi kukaanga samaki.

Jumapili, 14 Septemba

Sindano ilisimama. Hata kifungo kimoja! Shati limelala magotini saa tatu nzima.

Ya India. Mjane mfumaji, kipofu, anamfumia binti yake kitambaa cha harusi kwa kupapasa tu. Anataka kupasuliwa macho ili akione, kwa sababu watu wanamwambia rangi na yeye haamini watu. Aliyeipiga hii sinema ana akili. Kila anapotokea yule mama picha inafifia, tunaona anavyoona yeye, ukungu mtupu. Nyimbo sita ni nyingi, mbili zingekatwa pasingekuwa na hasara. Lakini Wahindi hawaogopi kulia, na mimi nawapendea hilo.

Mama alikuwa ameinama mbele, sikio kwenye TV. Binti anamshika mama yake mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mlango unafungwa. Taa ya juu ya mlango inazimika. Daktari anatoka, anatikisa kichwa.

Nikauangalia uso wa Mama. Nikasema, anatoka! Anatoka, Mama, anaona! Kitambaa ni chekundu, amekiona, amemwona binti, harusi inafanyika, wamechinja kuku. Na kwenye TV binti anagaragara sakafuni.

"Mbona analia?"

"Ni furaha, Mama."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Halafu akaweka kikombe chini, pole pole, anatafuta meza kwa kidole. "Mpigie huyo daktari. Mwambie nakuja."

Nikaruka! Nikamkumbatia mpaka akanifukuza. Kisha nikaenda jikoni kuosha vikombe, na hapo ndipo likanipiga. Mama yangu anaenda kupasuliwa kwa sababu ya kuku niliyemchinja mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepiga simu. Jina limeandikwa. Nimefurahi. Sijafurahi. Nimefurahi.

Alhamisi, 18 Septemba

Vifungo thelathini na kimoja. Ya Marekani, wezi wa magari. Magari yanaruka, yanalipuka, na jamaa anatoka kwenye moto nywele zikiwa zimechanwa. Walikamatwa mwishoni. Nikawaachilia, wakaenda kwa dada ya mmoja wao wakapikiwa.

Lakini Mama hayuko kwa wezi. Bado yuko India. Yule mama aliona nini kwanza, kitambaa au binti? Nikasema binti. Aliona vizuri siku ile ile? Nikasema karibu vizuri. Akatikisa kichwa.

Na amewasimulia akina mama wa fellowship! Yote, mpaka kuku. Waithera, mmoja wao, sasa anataka kumpeleka mume wake apasuliwe pia. Uongo wangu umetoka nje, unatembea Bondeni na viatu vyake, unasalimia watu. Nilipaswa kusema leo. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nimeuliza kama anataka chai.

Jumapili, 21 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Becky alipita kunipa flash nyingine, nikamkaribisha chai. Akaketi karibu na Mama, mtoto wa watu, moyo mweupe. "Cucu, uliskia ile ya India? Mimi nililia! Venye yule mathe alikufa huko theatre, na binti yake amesimama hapo nje na nguo…"

Kijiko changu kilianguka. Becky akaniangalia. Akamwangalia Mama. Akaanza kusema kwamba labda amechanganya na ingine, maskini.

Mama akamwambia, "Kunywa chai, itapoa." Yeye mwenyewe akaendelea kuchambua maharagwe, anatoa mawe kwa vidole, hata moja hakukosa. Becky alipoondoka Mama akaenda kulala. Saa tisa mchana!

Jumatatu, 22 Septemba

Mama hajaongea na mimi. Ameongea na kuku wa jirani, kwa urefu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimesema. Leo asubuhi, kabla ya kufungua kazi. Nimepiga magoti pale kochini kama mtoto, nikamwambia yule mama alikufa. Na mama mkwe wa Nigeria. Na treni haikuharibika. Na mbwa — nililia nilipofika kwa mbwa. Nikamwambia kama anataka kukataa upasuaji akatae, nitampigia daktari mwenyewe na sitamlaumu.

Mama akaniacha nimalize.

"Ulifikiria mimi sisikii? Mimi nimeenda matanga ngapi? Hakuna mtu analia furaha namna hiyo." Akapapasa akapata kichwa changu. "Na wewe ukidanganya, watu wanakula. Sinema zako zote zinaisha kwa chakula. Hata wale wezi!"

Nikacheka na kamasi zinatoka. Alijua. Tangu mbwa alijua!

Kwa nini basi alikubali kupasuliwa?

"Nimechoka kuambiwa. Nataka nione mwenyewe ni nani amekufa."

Na hizi siku tatu za kimya?

Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema alikuwa ananingoja mimi niseme, si mtoto wa duka. Tena akasema, "Hata baba yako. Mliniambia amelazwa, nipande gari twende tumwone. Gari likapita hospitali. Nikafika nyumbani nikapata turubai imesimama, na watu wamekalia viti wananiangalia. Mimi ndio bibi yake, na mimi ndio nilikuwa wa mwisho kujua."

Ndivyo watu wetu hufanya. Mtu hapewi msiba njiani. Na aliyekaa naye kiti cha nyuma nilikuwa mimi. Aliyesema "amelazwa, anaendelea vizuri" nilikuwa mimi, miaka kumi na moja iliyopita, na nilidhani nilifanya vizuri. Hajawahi kunitajia mpaka leo. Nimeumia, na nimestahili.

Akanipa sharti. Daktari akisema neno lolote, zuri ama baya, nimwambie yeye kwanza, kabla ya Sitati. "Na bila kuku."

Nimeapa.

Jumapili, 28 Septemba

Sinema ya kwanza ya kweli! Ya hapa Kenya. Ndugu wawili wanafuata ng'ombe walioibwa, mkubwa anamrudisha mdogo nyumbani, yeye anaendelea. Harudi. Sauti mbaya, upepo unaingia kwa mikrofoni, na aliyecheza mganga alikuwa anasoma maneno ukutani, nimemwona macho. Lakini sindano ilisimama.

Nilimsimulia ilivyo. Mdogo ameketi mlangoni. Njia iko tupu. Jioni inaingia, bado iko tupu. Maandishi ya majina yanapanda. Basi. Mdomo uliniwasha, wallahi ningemtoa yule ndugu hata nyuma ya kichaka.

Mama alilia na leso yake. Halafu akasema hiyo ndiyo sinema, kushinda zote tulizoangalia. Nimewaza sana. Yeye miezi yote hii amekuwa akisikia sinema moja tu, ile yangu, watu wale wale wanakula chakula kile kile. Mimi ndiye nilikuwa nafaidi zote.

Jumanne, 30 Septemba

Ameingia saa nne, akiimba wimbo wa kanisa. Manesi wakaitikia! Ametoka saa tano na robo, jicho limefungwa, anaulizia uji. Kesho wanafungua. Nimemwachia uji na sijaongeza neno.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika kwenye benchi la hospitali, karatasi gotini.

Daktari ameniita pembeni asubuhi. Jicho lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia, ilibidi lihangaishwe, na kioo cha mbele kimevimba. Uvimbe ukishuka anaweza kuona vizuri sana. Anaweza pia kuona kidogo tu. Leo leo hawezi kusema. "Lakini tusimwambie sasa, tusimpandishe presha. Mwambie tu kila kitu kiko sawa."

Kila kitu kiko sawa! Sentensi yangu kabisa. Ningeisema vizuri kuliko mtu yeyote Nakuru hii.

Nilitembea mpaka pale Mama alipokaa. Hatua kama ishirini. Nilikuwa nimeshaanza kuona meza, sahani, watu wanaketi. Nikamshika mkono nikamwambia. Jicho gumu. Uvimbe. Labda vizuri sana, labda kidogo tu. Nilifika mwisho.

Mzee wa benchi la pili akajifanya anasoma tangazo.

"Amesema labda?"

"Amesema labda."

"Hujawahi kuniletea labda," akasema. Akanifinya vidole, kwa nguvu. Nilidhani analia, nikaangalia, anacheka. "Sasa hiyo ni kitu mtu anaweza kubeba."

Moyo wangu mwepesi, sijui kwa nini. Hakuna lolote lililopona. Sitati anapiga simu, sichukui, Mama ndiye wa kwanza.

Wamemwita. "Nabalayo!" Nimeinuka kumshika, amenikalisha kwa kiganja begani. Nikae hapa. Atakuja kuniambia mwenyewe. Ameenda na nesi, mkono mmoja ukutani, mgongo umenyooka.

Mlango haukufunga vizuri. Nasikia plasta ikibanduliwa. Nasikia maji. Nesi anamwambia afungue pole pole. Anamuuliza, "Mama, hapa kuna vidole vingapi?"

Kimya.

Nesi anaanza, "Ni vi—"

Mama: "Usiniambie."