Mama Enid, Aliyeuliza Uwanja Ni wa Nani

Mama, leo unatimia mwaka mzima tangu ile Jumanne ya Machi uliposema kifua kinakubana. Ulikaa kwenye ngazi ukiwa bado na koti mwilini. Gari la wagonjwa lilipofika ulikuwa umeshatutoka. Hapa nyumbani, namba kumi na nne mtaa wa Alma, Skelbrough, Uingereza, Baba bado anatoa vikombe viwili ikifika saa kumi jioni. Hatumwambii kitu. Anakitazama cha pili, kisha anakirudisha kabatini.

Anayeandika tangazo hili la kumbukumbu ni Gwen, binti yako, kwa niaba yetu sote, naye anajitaja kwa jina kama wengine.

Miaka thelathini na moja ulipika katika shule ya msingi ya mtaa wetu. Nusu ya mji huu imekula mkononi mwako. Mtoto aliyetoka kwao bila kula ulimjua kwa namna alivyoshika sahani, ukamjazia bila kumuuliza. Ulifuma sweta mbaya kupita zote duniani, na sisi tulizivaa. Jumamosi ulivaa skafu yako nyekundu na kwenda uwanja wa Tanner Lane kuitazama timu yetu ya mpira, Skelbrough, ikifungwa, ukawafokea washika vibendera kwa maneno ambayo Baba alijifanya hayasikii. Ukirudi ulikuwa umekauka sauti, una njaa, una furaha hata kama tumefungwa matatu bila.

Kisha akaja Vance Tolland kuinunua klabu.

Tuseme ukweli, Mama, maana wewe usingependa tuufiche. Wewe nawe ulimshangilia. Alileta wachezaji ambao hatukuwahi kuota kuwaona kwetu, na kwa miaka mitatu tukapanda daraja mara mbili. Tulipowafunga watani wetu Oxendale kwao, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, Colin mwanao alikubeba juujuu kama mtoto, nawe ukawa unampiga mgongoni ukipiga kelele, "Niteremshe, mpumbavu wewe, nitavunjika nyonga!"

Ulikuwa katibu wa chama cha mashabiki. Wengine waliichukulia kazi hiyo kuwa ya kupanga mabasi ya safari za ugenini, lakini wewe ulisoma karatasi. Ulikaa mezani jikoni na miwani yako ya duka la dawa, ukasoma taarifa ambazo klabu inalazimika kuzipeleka kwa msajili wa makampuni, mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma. Humo ukaona mambo mawili. Kwanza, mishahara ilikuwa imepita mbali kiwango ambacho ligi inaruhusu kwa klabu yenye mapato kama yetu. Pili, uwanja wa Tanner Lane haukuwa tena mali ya klabu. Tolland alikuwa ameuhamishia kampuni yake nyingine, kimya kimya.

Ulimuuliza hadharani, kwenye mkutano wa mashabiki. Ukumbi ulijaa. Ulisimama na karatasi yako, Gwen akiwa amekaa pembeni yako.

"Bwana Tolland, nina swali fupi. Uwanja ni wa nani?"

Alitabasamu. "Mama Enid, naambiwa hakuna mpishi kama wewe. Basi fanya hivi, wewe pika, mimi niendeshe klabu."

Watu walicheka, Mama. Ukumbi mzima ulicheka, na Gwen akaona shingo yako ikiwa nyekundu. Ukangoja kicheko kiishe.

"Nimeuliza uwanja ni wa nani," ukasema tena.

"Kaa chini, bibi we!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Unataka turudi kule chini tucheze na wauza maziwa?"

Hukupata jibu, basi ukaandika barua kwa ligi na kuambatanisha zile karatasi. Uliitia sahihi kwa jina lako kamili, Enid Margaret Sowerby, na anwani ya nyumbani juu yake. Gwen alikuuliza kwa nini usiipeleke bila jina. Ukamtazama kana kwamba amekuambia uibe.

Ligi ilichunguza miezi mitano, kisha ikatupokonya pointi kumi na mbili. Siku hiyo ndiyo siku tulipoanza kuogopa, na kwa kweli hatujaacha.

Colin alikuja akiwa bado na nguo za kazi. Hakukaa.

"Umetuua, Mama. Unajua umefanya nini? Umetuua."

"Nimeandika kilichoandikwa kwenye karatasi zao wenyewe."

"Oxendale wanatumia mara mbili yetu! Mara mbili! Mbona hakuna anayewagusa?"

"Kwa sababu wanaingiza mara tatu yetu. Kanuni inasema utumie kwa kadiri ya unachoingiza."

"Na kanuni hiyo imetungwa na nani? Si wakubwa hao hao, ili sisi wadogo tubaki wadogo mpaka kiyama?"

"Hapo umesema kweli," ukamwambia. "Nimeliandika hilo kwenye barua, ukurasa wa pili, hukusoma tu. Sipendi kanuni yao. Lakini uwanja, Colin? Siku huyu bwana akichoka nasi, tutacheza wapi? Hapa jikoni?"

"Tolland hawezi kutuacha. Anaipenda klabu."

"Anakupenda wewe?"

Akatoka akaubamiza mlango hadi sahani zikalia. Hakukanyaga tena hapa kwa miezi saba. Wewe ulikuwa unaosha vyombo, ukaendelea kuosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani, nyama ya kuoka na mchuzi wake bado vinafuka moshi, tofali likaingia kwa dirisha la mbele. Vioo viliruka mpaka kwenye bakuli la viazi. Isla, mjukuu wako, wakati huo ana miaka tisa, hakulia. Aliingia chini ya meza, akakaa humo kimya, akiwa ameshika mguu wa Gwen kwa mikono miwili. Ulifagia vioo mwenyewe. Polisi wakaja, wakaandika, wakanywa chai, wakaondoka.

Baadaye ikaandikwa SALITI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wetu. Aliyeiandika alikosea hata neno lenyewe. Ulisema, "Huyu nadhani nilimpa chakula cha mchana miaka sita, lakini kusoma hakukumwingia." Tulicheka, tukiwa tunatazama barabarani huku tukicheka.

Barua ilikuja wiki ile ile, haina stempu, kwa hiyo mtu alitembea kwa miguu yake mpaka mlangoni petu. Ilikuwa mstari mmoja. Tunajua mjukuu wako anatoka shule saa ngapi.

Gwen aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni. Kisha akakaa sakafuni. Kuanzia hapo alimpeleka na kumrudisha Isla mwenyewe, akabadilisha njia kila siku, akajifunza kutazama mikono ya watu badala ya nyuso zao. Baba alianza kulala sebuleni, akisema ni mgongo. Alikuombeni, Mama, wewe na Gwen mwende kwa shangazi kule pwani. Gwen naye alipiga magoti mbele ya kiti chako. Hatuoni haya kulisema leo.

"Mama, nakuomba. Andika kwamba ulikosea. Waambie ulisoma vibaya. Una miaka sabini na moja, watakuamini."

"Sikusoma vibaya, mwanangu."

"Najua hukusoma vibaya! Sijali! Nataka mtoto wangu awe mzima!"

Ukamshika kichwa. Ukasema Isla akae kwa baba yake mjini Leeds mpaka mambo yatulie, na hivyo ndivyo tulivyofanya. Lakini barua ya kukana hukuiandika. Kuna siku nyingi Gwen alikuchukia kwa hilo, na ni vizuri ulijue.

Aliyeandika ule mstari hajulikani mpaka leo. Yumo humu mjini. Huenda tangazo hili analisoma.

Nawe Jumamosi uliendelea kwenda Tanner Lane! Hatukukuelewa hata kidogo. Ulivaa skafu yako, ukasema, "Nimelipia kiti changu," ukatoka.

Siku ya mechi na Oxendale, Gwen aliamua kukufuata maana aliona hutarudi mzima. Mlangoni alikuwa anakungoja Raymond Clegg, muuza nyama wa mtaa wa pili, mtu wa Oxendale tangu tumboni mwa mama yake, mtani wako wa miaka arobaini. Amevaa skafu yao ya bluu shingoni, wazi kabisa, katikati ya mtaa wetu mwekundu.

"Ray, umerukwa na akili?" Gwen akamwambia. "Vua hicho kitu, watakuua."

"Ndiyo mpango wenyewe," akasema. "Leo watapata shida ya kuchagua waanze na nani, mimi au mama yako. Enid, twende, timu yako mbovu inakusubiri ione aibu."

"Yako ina wachezaji wa kukodi," ukamjibu. "Hata kocha wenu ni wa kuazima." Ukamshika mkono.

Mlitembea hivyo, wewe katikati, Gwen upande mmoja. Watu waliachia njia. Mwanamume mmoja alitema mate yakatua kwenye mkono wa koti lako. Gwen alimtambua, ni Trevor wa duka la matairi. Alikuwa anakuja kwetu utotoni kula keki. Wewe ulimwambia tu, "Trevor," kama mtu anayesalimia, ukapita.

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. Kabla mpira haujaanza, jukwaa la nyuma ya goli likaanza kuimba jina lako. Kwanza walikuwa wachache, kisha mia, kisha hatujui ni wangapi, watu wetu wenyewe, wakiimba kwamba unanuka, unyamaze, ufe. Wimbo ule ulipigiwa makofi kwa mpangilio kabisa, kana kwamba walikuwa wameufanyia mazoezi. Gwen hakusikia filimbi ya kuanza. Alikuwa akihesabu hatua kutoka kwenye viti vyenu mpaka mlango wa kutokea. Ulitazama mpira dakika zote tisini. Tukatoka sare ya bao moja kwa moja, nawe ukalalamikia penalti njia nzima ya kurudi.

Januari Tolland aliacha kulipa mishahara. Februari likatoka tangazo la ujenzi: nyumba za ghorofa, mia moja na themanini, Tanner Lane. Mtu aliyeipenda klabu yetu alikuwa ameshaupatia uwanja mnunuzi.

Lakini barua yako ilikuwa imefungua faili. Chama cha mashabiki kilikwenda mahakamani na karatasi zile zile ulizozichambua jikoni, na jaji akazuia uwanja usiuzwe, kwa kuwa ulihamishwa bila klabu kulipwa thamani yake. Tolland akaondoka. Tulishuka daraja, na tutashuka tena pengine. Sasa klabu ni ya watu elfu tatu na mia moja wenye hisa moja moja, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenyekiti. Wanagombana kila Alhamisi. Ungefurahi sana.

Jioni ya hukumu Colin alikuja. Alisimama jikoni. Ukamwekea sahani. "Kula," ukamwambia, "viazi vinapoa." Akala huku analia, na hamkulizungumza tena. Wiki tatu baadaye ukafa. Mechi ya kwanza ya klabu iliyo mikononi mwetu hukuiona, na hilo ndilo linalotuuma kuliko yote.

Kanisani walikuja watu mia sita. Trevor alisimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, hakuthubutu kusogea. Gwen alitazama mikono yao.

Baada ya mazishi, Raymond alimvuta Gwen pembeni. Alisema kuna jambo ulimkataza asituambie, na sasa anaona hawezi kulibeba peke yake.

"Aliogopa," akasema. "Alikuwa anaogopa sana, Gwen. Kila Jumamosi asubuhi alinipigia simu. 'Ray, miguu imekataa.' Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Kwenye kona ile ya sinagogi la zamani, kabla hujaona taa za uwanja, tulikuwa tunasimama. Anatapika. Kila mara. Anajifuta kwa kitambaa, ananiambia, 'Haya, nimemaliza,' tunaendelea. Siku ulipokuja nasi alijizuia kwa ajili yako. Sijui alijizuia vipi."

Mama, hatukujua. Tulidhani wewe huogopi, kwamba ulizaliwa bila kiungo hicho, na kwa kuwa tulidhani hivyo tulikukasirikia, tukakuachia kona ile uipite na muuza nyama wa Oxendale. Ulikuwa unatapika kwa hofu umbali wa dakika nne kutoka nyumbani, nasi tulikuwa ndani tumefunga mapazia tukikuita mkaidi.

Tusamehe. Gwen sasa ni katibu wa chama. Jina lake na anwani vipo juu ya kila barua. Bado anaogopa, mlango ukigongwa moyo unamruka, na hajui kama hilo litakwisha. Jumamosi iliyopita alimpigia Colin simu asubuhi akamwambia miguu imekataa. Colin akaja.

Unakumbukwa na mumeo Wilfred, wanao Gwen na Colin, mkwe wako Anita, mjukuu wako Isla aliyerudi nyumbani, dada yako Phyllis wa Scarborough, wapishi wenzako wote wa shule, wanachama wa chama cha mashabiki wa Skelbrough, na Raymond Clegg, ambaye ametuomba tuandike kwamba bado ni wa Oxendale.

Mpaka nasi tuondoke, Mama, hutatutoka moyoni.