Onja Tena

Jumamosi, 8 Juni
Chakula cha Deusi nimepeleka gerezani. Ugali wa ulezi, maharage, samaki wa ziwani kutoka Muze. Getini nikaonja kila kimoja mbele ya afande, ndiyo sheria yao, mahabusu asije akalishwa sumu. Tonge moja, pita. Mdogo wangu amekonda. Dawa za kifua kikuu anameza tumbo tupu, anatapika. Uji wa mle ndani maji matupu. Mwaka wa pili huu yumo ndani, kesi ya wizi wa ng'ombe, kila tukienda mahakamani upelelezi haujakamilika. Ng'ombe mwenyewe angekuwa keshazaa mara mbili!

Jumapili, 9 Juni
Deusi ana alama za mkanda shingoni. Aliomba blanketi, basi. Baridi hii ya Sumbawanga, mtu analala sakafuni, anaomba blanketi, anachapwa! Aliyemchapa ni afande mmoja mwenye pengo la jino. Nimeenda moja kwa moja kwa mkuu wa gereza, nikasema yote. "Tutalishughulikia, mama." Nimetoka kifua mbele.

Jumamosi, 15 Juni
Wamelishughulikia.

Mwenye pengo alikuwa getini. "Onja." Nikaonja. "Onja tena." Nikaonja tena. "Si wewe ndiye mama mkali? Kula." Deusi kasimama nyuma ya wavu, anaangalia mkono wangu unavyokwenda mdomoni. Nimekula ugali wote. Samaki wote. Afande akainua bakuli tupu, akacheka. "Hakina sumu. Mpelekee."

Nimetapika njiani. Mshenzi yule. Namchukia.

Jumapili, 16 Juni
Leo nimekataa kuonja mara ya pili. Akamwaga chakula chote chini. Deusi karudishwa ndani na njaa yake.

Jumanne, 18 Juni
Aneti, jirani yangu hapa Izia, kaja jioni. Mwanawe yumo humo humo na Deusi, leo walimpeleka mahakamani, kamnong'oneza mama yake: Deusi anatema damu, dawa kaziacha, hawezi kuzimeza bila kula. Aneti kasema, "Kamwombe radhi yule afande, Skola." Nimemfukuza. Niombe radhi mimi? Kwa kosa gani?

Sijalala.

Jumamosi, 22 Juni
Nimepiga magoti getini mbele ya mwenye pengo, watu wanaona. Nikainama, nikapiga makofi polepole, vile sisi Wafipa tunavyomsalimu mkubwa. Makofi hayo mama alinifundisha kwa ajili ya wazee. Huyu ni umri wa mwanangu wa kwanza. Hata hakuyajua, akauliza, "Makofi ya nini?" Nikamweleza. Akawaita wenzake, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Tonge moja. Pita. Deusi kala.

Jumamosi, 29 Juni
Leo kulikuwa na wageni, watu wa haki za binadamu kutoka Dodoma. Dada mmoja mpole, kanisalimia shikamoo, kaniuliza kama ndugu yetu anateswa, kama ananyimwa chakula. Mwenye pengo alikuwa amesimama nyuma yake, bakuli la Deusi mkononi. Nikamwambia hakuna shida, mwanangu, wanatunzwa vizuri. Akaandika. Akashukuru, akasogea kwa Aneti. Aneti naye akasema hakuna shida.

Deusi kamaliza chakula chote. Dawa kameza, hajatapika. Jioni nimepepeta ulezi wa wiki ijayo.