Rauta, Mtani na Ijumaa ya Mama Tio

Jumapili, 9 Juni

Nimeamua. Rauta itapata programu mpya wiki hii. Programu ya ndani iliyomo niliiweka mwenyewe miaka mitatu iliyopita, baada ya kuifuta ile ya kampuni — na Luanshya nzima simjui mwingine aliyethubutu. Sasa kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni wanasema toleo langu limezeeka, lina tundu, wezi wanapita. Nilijua! Mtandao unasuasua tangu Machi, hata nikiuchokonoa vipi. Na toleo jipya lina orodha: linaonyesha kila anayekula waifai yako, kifaa kwa kifaa, na jina lake.

Ninaye ninayemshuku. Mubanga, jirani wa ukuta mmoja. Mbemba, mtani wetu sisi Wangoni. Ana waifai yake ya kampuni, ndiyo, lakini hata mwizi wa kuku huwa na kuku wake.

Mama Tio alinikuta nikisoma maelekezo tulipotoka kanisani. Hakuuliza ni ya nini. Alisema tu kwamba Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili wa mtandaoni, ule wa ualimu mkuu, na mpaka Ijumaa ipite nisiguse kitu chochote chenye taa. Miaka kumi na moja amekuwa msaidizi, akiwafundisha kazi wakuu wanaokuja na kuondoka. Na simu hapa haisaidii. Mlima wa vifusi vya mgodi umetuziba. Ukitaka mawimbi unapanda tofali getini. Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimegusa.

Lakini ni kwa ajili yake. Usaili wa maana namna hiyo upite kwenye tundu la wezi? Umeme ulikuwepo mpaka saa nane mchana, yeye yuko kazini, Tio yuko shule. Mimi nilikuwa fundi umeme wa mgodi miaka ishirini na mbili, nimefufua mashine kubwa kuliko nyumba hii. Rauta ni kisahani tu.

Maelekezo yaliuliza: uhifadhi mipangilio ya zamani, au uanze upya? Wanashauri uanze upya. Nikaanza upya. Taa zikakimbizana dakika tatu — sikupumua — kisha ikabaki moja ya kijani, imetulia. Nikachukua simu kutafuta jina letu hewani, WANGONI HAWAOMBI. Halipo. Nikazima, nikawasha. Halipo. La Mubanga lipo, limejaa mistari yote.

Saa nane umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza tangu mgao uanze, nimeshukuru.

Jumanne, 11 Juni

Nimebonyeza kitufe cha nyuma kwa sindano ya Mama Tio. Sekunde kumi. Sekunde thelathini. Nimebonyeza huku nikiwasha, nimebonyeza huku nikizima. Kijani. Kimya.

Ajabu ni kwamba hakuna anayelalamika. Tangu jana nasubiri kelele. Tio anatazama video za kucheza jikoni huku akisonga nshima. Watoto wa siku hizi huhifadhi vitu mapema. Mama Tio amefanya mazoezi ya usaili na dada yake wa Lusaka, uso kwa uso kwenye simu, nusu saa nzima. Nikamuuliza mtandao ukoje. Mzuri, akasema, akanitazama kidogo. Labda alipanda tofali. Sikuendelea, mwenye kuuliza sana naye huulizwa.

Nimepanda tofali mimi, nikaandika jukwaani kuomba msaada. Mzee mmoja wa Windhoek kanijibu: rauta yako haijafa, bwana. Ukianza upya, toleo hili huja waifai ikiwa imezimwa. Ingia kwa kebo, uiwashe.

Kebo ninayo. Ya bluu, mita ishirini. Imefungwa kutoka mpera mpaka choo, na juu yake kuna sare za Tio na mashuka mawili.

Jumatano, 12 Juni

Nimeaibishwa ndani ya nyumba yangu.

Alfajiri Mubanga alibisha hodi kwa kilio. Kajifunga kitenge cha mkewe kiunoni, mkononi ana jani la kabichi ndiyo shada la maua. "Tumesikia msiba," akalia. "Jina la marehemu halionekani hewani tangu juzi. Watani tumekuja kuzika." Akajilaza sebuleni mbele ya rauta, akasema haondoki mtu hapo mpaka watani wapewe haki yao. Haki yenyewe kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kumbe vilikuwa viwili.

"Mngoni kaua rauta kwa mikono yake," akasema akifuta machozi ya uongo. "Ingekuwa panya, angeichoma akala, yaishe."

Nikamwambia kama sisi Wangoni tunakula panya, Mbemba anayekula nyani hana la kusema mbele za watu.

"Nyani ana akili, mtani. Nikimla, akili inabaki kwangu. Panya wako kakuachia nini?"

Mama Tio alicheka mpaka akashika ukuta. Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila, na mila naiheshimu. Nimekasirika sana.

Alipoondoka nikasubiri kesi. Imekufa lini, akauliza Mama Tio. Jumatatu, nikasema. Akasema sawa, akaenda kupiga pasi blauzi yake ya Ijumaa. Sawa! Miaka ishirini ya ndoa sijapewa sawa nyepesi namna hii.

Nimebaki na jambo moja. Mubanga kajuaje kwamba jina limepotea hewani? Asiyekula huwa hachungulii chungu. Ushahidi ndio huo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeianua kebo, nguo nimezitandaza kwenye ua. Ncha moja imetafunwa. Panya. Mubanga alichungulia juu ya ukuta akasema ni kisasi cha ndugu zao, tena wamekawia.

Nyaya nane, nyembamba, kila moja na rangi yake. Nimeunganisha moja moja kwa meno na utepe. Nilipomaliza, umeme ukakatika.

Mama Tio amesema nilale tu, yeye amejipanga. Amejipangaje bila rauta yangu? Naogopa. Mwenyewe najua alivyoingoja hii nafasi. Nikimharibia sitajisamehe. Kesho umeme unarudi saa mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Saa 3:40. Nimeingia! Kwa kebo ya mashuka. Na waifai hiyo hapo kwenye ukurasa: imezimwa. Kitufe kimoja. Siku tano. Nimebofya, WANGONI HAWAOMBI imerudi hewani. Nilikimbia kumwambia. Kajifungia chumba cha nyuma, kile kilichopakana na Mubanga — kwa ajili ya utulivu, nadhani. Akajibu nyuma ya mlango: ahsante, Baba Tio, sasa naomba usiguse tena.

Saa 4:05. Ameanza. Sauti yake imenyooka, hababaiki. Nimejisikia vizuri jamani. Hiyo sauti inapita kwenye kazi ya mikono yangu.

Nimefungua orodha ya wanaokula. Kifaa kimoja tu: laptopu yangu. Mubanga hayumo. Mama Tio mwenyewe hayumo. Orodha mbovu, kitu kipya hakikosi kasoro.

Au mawimbi hayafiki vizuri chumba cha nyuma. Nguvu inategemea nchi unayochagua. Zambia ina kikomo chake. Kwenye orodha kuna nchi ya mbali isiyo na choyo, nikahamia huko bila pasipoti. Halafu nikaona waifai ya Mubanga inapita njia ya sita ya mawimbi. Yule mzee wa Windhoek alinionya: ukikaa njia moja na jirani kwa nguvu zote, utamzamisha. Nikakumbuka jani la kabichi.

Nimekaa njia ya sita. Azame.

Saa 4:11. Mama Tio anasema halo. Halo, mnanisikia? Mara ya tatu sasa. Sauti imeanza kutetemeka. Naongeza nguvu hadi mwisho.

Saa 4:13. Mubanga kapanda ukuta, hacheki. Anauliza nimewasha nini. Nikamwambia pole, aliyezoea vya bure atajinunulia.

"Baba Tio." Hajawahi kuniita hivyo, mimi kwake ni Panya. "Mkeo yuko kwenye waifai yangu sasa hivi. Yeye na Tio, tangu Machi, ulipoanza kuichokonoa hiyo yako. Aliniomba nisikwambie. Zima, ndugu yangu."

Saa 4:14. Nimechomoa.

Saa 4:17. Nimekaa sakafuni nje ya mlango wake, rauta mapajani, bado ya moto. Naona aibu mpaka masikioni. Mubanga bado yuko juu ya ukuta, namwona kupitia dirisha la korido, na yeye anasikiliza. Mama Tio anasema: ndiyo, nimerudi, mniwie radhi, ni tatizo la mtandao. Hakusema la nani. Anaomba warudie swali. Halafu analirudia mwenyewe, polepole, kama anavyofanya darasani: nieleze jinsi nilivyowahi kumwongoza mtu mgumu bila kumvunja moyo.

Nadhani amenisikia nikihema.

"Nitatoa mfano wa karibu," amesema.