Mafuta ya Chipsi Ndani ya Tangi la Baba

Jumanne, Julai. Ruiru. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya kuuma masikio. Nimeoga mara mbili na bado nanuka chipsi.

Wacha niandike sasa hivi nikiwa bado na hasira. Hasira ikiisha najua kitakachobaki ni kilio, na kulia sitaki.

Leo mimi na Baba tumeosha tangi la pikapu yake.

Zamani, Baba na Mama walikuwa na kibanda cha chipsi pale Thika. Mafuta yakishachoka kukaanga hayakumwagwa. Baba aliyatia kwenye pikapu, hii hii ya dizeli aliyonayo mpaka leo, na ikatembea. Watu walimcheka sana. Watoto wa shule walikuwa wakiiona inapita wanavuta hewa kwa pua na kupiga kelele, "Leo ni kuku!" Baba naye anawapungia mkono kama mheshimiwa.

Lakini alikuwa na sheria zake. Mafuta yakae kwenye jerikeni mpaka takataka zizame chini. Yachujwe kwa kipande cha leso ya Mama, kimekunjwa mara kadhaa. Yapashwe moto, yachanganywe na dizeli. Na Julai ikifika, hakuna mafuta ya chipsi hata kijiko. "Julai ni ya dizeli tupu," alikuwa akisema, kwa sababu baridi huyagandisha mafuta yale, na yakiganda hayapiti kwenye paipu. Hata mimi, niliyekuwa naogopa kufungua boneti, nililijua hilo.

Mama alipofariki kibanda kikafungwa, na Baba akarudi kununua dizeli kama watu wengine. Leso ikabaki kwenye msumari, stoo.

Jumamosi iliyopita Baba alimchukua binti yangu, Shiru, anayemwita Guka, yaani babu, wakaenda Thika kutafuta viatu vya shule. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za watu, na nitakuwa mkweli, nilifurahia ule utulivu. Kisha simu ikalia. Ilikuwa namba ya Baba lakini sauti ya Shiru.

"Mami, gari imezimika katikati ya barabara, na Guka anasema tushuke, tumefika."

Hawakuwa wamefika. Walikuwa Witeithie, kwenye barabara kuu, na malori nyuma yao yalikuwa yanapiga honi hadi nikawa simsikii mtoto.

Sijui nilifikaje huko. Nilipofika, vijana wa bodaboda walikuwa wameshaisukuma pikapu kando. Shiru alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja wa mahindi choma, Mungu ambariki yule mama. Baba alikuwa bado ameketi kwenye usukani, mkanda amefunga, ananitabasamia. Harufu niliipata kabla sijafika mlangoni. Nyuma kulikuwa na jerikeni tupu ya yule jamaa anayeuza chipsi karibu na steji yetu, na kwenye mdomo wa jerikeni vipande vya viazi vilikuwa vimeshika. Ngai, Mungu wangu! Baba alikuwa ameyamimina mafuta hivyo hivyo, na viazi vyake.

Nilimfunga Shiru sweta, nikatafuta mtu wa kutuvuta hadi nyumbani.

Jumapili akaja Kamau. Huyu ni ndugu yangu, anakaa Mwihoko, na kazi yake Jumapili ni kuja kunywa chai yangu na kunipa amri. "Mnyang'anye Baba ufunguo," akasema. Hakutafuta hata njia nzuri ya kulisema. Nikamjibu kwamba ni rahisi kuongea ukiwa Mwihoko, si yeye atakayemwona Baba akizunguka ua mzima bila mahali pa kwenda. Akaniuliza, "Unangoja mpaka amuue mtoto?" Tuligombana hadi chai ikapoa.

Ukweli ni kwamba nimekuwa nikiona. Chumvi kwenye chai. Jirani kuitwa jina la mtu tuliyemzika. Kuingia jikoni, kusimama, na kuuliza alikuwa amefuata nini. Kila mara nilicheka nikasema ni uzee tu, Baba nawe! Nani anataka kuwa wa kwanza kulisema jambo kama hilo?

Mimi sikutaka.

Basi leo asubuhi akaamka na spana zake mkononi. Nikamwambia tumwite fundi. Akakataa kabisa. "Hii gari haijawahi kuguswa na fundi wa kando ya barabara, na haitaanza leo." Nikakubali. Na hapa ndipo nina jambo la kukiri, maana kama siwezi kulisema hapa sijui nitalisema wapi. Nilikubali kwa roho mbaya. Nilitaka ashindwe. Nilitaka asahau bolti, apoteze spana, anishike mkono aseme hajui afanye nini, ndipo nimchukulie ufunguo bila dhambi.

Hakushindwa.

Alianza kwa kutoa waya za betri. Akaweka mawe kwenye magurudumu. Akafungua bolti ya chini ya tangi na hakikutoka kitu, hata tone. "Imelala," akasema, akacheka. Akachokoa kwa waya, vikaanza kuanguka vidonge vyeupe, kama yale mafuta yanayobaki kwenye sufuria asubuhi ya baridi. Akaweka jeki na ubao chini ya tangi, akafungua mikanda inayolishikilia, akaniambia nishike paipu juu, juu zaidi, wewe shika kama mtu aliyekula! Nikashika.

Tangi likashuka. Akalimwagia maji moto kwa nje ili mafuta yayeyuke. Kwa nje tu. "Tone moja la maji likiingia ndani, tumekwisha," akanionya, na kidole juu. Kisha akatia dizeli kidogo, akadumbukiza mnyororo wa mbwa wetu wa zamani, akaziba matundu kwa vitambaa. Tukalibeba, yeye upande huu na mimi ule, tukalitikisa. Mnyororo ulikuwa unapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Tulipomwaga, uchafu uliotoka sitaueleza, nimeshakula chakula cha mchana kwa shida. Tukatia dizeli nyingine, tukatikisa tena. Baba alikuwa anachovya kidole, anasugua, ananusa, anatikisa kichwa. Bado. Tukarudia hadi mikono yangu ikafa ganzi, na dizeli ikatoka safi kama ilivyoingia.

Na muda huo wote anapiga hadithi. Akanikumbusha siku Mama alipompiga na mwiko kwa kuchuja mafuta na leso yake mpya ya harusi. Alikumbuka hata rangi yake.

Nilifurahi. Acha niliseme hivyo hivyo, nilifurahi kama mtoto. Nilimtazama Baba mzima, Baba wangu, na kichwani nikaanza kumwandikia Kamau ujumbe mrefu wa kumtia adabu.

Kisha Baba akachuchumaa kando ya beseni la uchafu. Akachukua kijiti, akakoroga, akainua kipande cha kiazi.

"Maitu," akaniita. Huniita hivyo, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Nani alitia hii takataka kwa gari yangu?"

Nilicheka. Baba ni mtu wa utani.

"Si nakuuliza?"

Hakuwa anatania. Aliinuka, akaenda stoo, akarudi na ile leso. Ilikuwa kavu, imekakamaa, na utando wa buibui juu yake. Akaninyooshea. "Ona. Haijaguswa! Mtu anaweka mafuta bila kuchuja, tena Julai! Huyo mtu ana akili kweli?" Sijamwona amekasirika hivyo tangu Mama azikwe. "Mtu kama huyo hafai kupewa gari. Ataua mtoto wa watu."

Neno lilifika kwenye meno. Ni wewe, Baba. Ni wewe, na mtoto mwenyewe alikuwa Shiru. Nilimtazama amesimama hapo na leso ya Mama mkononi, fundi aliyemaliza kazi bila kukosea hata bolti moja, na nikashindwa.

"Sijui, Baba," nikasema.

Tukarudisha tangi. Akafunga filta mpya, akapiga ile pampu ya mkono hadi hewa yote ikatoka kwenye paipu, akawasha. Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena, kisha ikashika. Aliweka kiganja juu ya boneti akasikiliza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba moyoni Baba mwenyewe anisaidie tu, asinifanye nimnyang'anye kitu.

Akazima. Akafuta ufunguo kwenye suruali yake, pande zote mbili, akaja akaniwekea mkononi na kunikunja vidole.

"Kaa na hii. Huyo mtu akija kuiomba, usimpe."

Nikauliza, "Na akikasirika?"

"Wacha akasirike." Macho yake yalikuwa kwenye leso, si kwangu. "Hata akilia, Maitu. Usimpe."

Kisha akaniuliza kama chai iko tayari. Tukanywa, pamoja na Shiru aliyekuwa ametoka shule, na Guka wake akamwonyesha kucha zake nyeusi, wakacheka wote wawili.

Sijui kama alijua. Nimekaa na swali hilo tangu tuoshe vyombo. Pengine kuna mahali ndani yake panapojua kila kitu na hakukuwa na njia nyingine ya kuniambia. Pengine alikuwa anamwongelea mtu mwingine kabisa, mwizi fulani wa tangi anayemchukia kutoka moyoni. Nikimwambia Kamau atasema, si nilikuambia. Kwa hivyo leo simwambii.

Ufunguo uko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Baba amelala kwenye kiti chake, kofia imemfunika macho, na harufu ya chipsi bado iko kwenye sweta lake.

Kesho ataamka mapema, kama kawaida. Atakunywa chai, atajipapasa mfuko wa koti, halafu wa suruali, atatafuta juu ya kabati. Kisha atakuja hapa nilipokaa, na lile tabasamu lake la Witeithie, aniambie nimpe ufunguo ampeleke Shiru shule. Nitamwambia hapana. Atauliza tena, na nitasema hapana tena, kwa sababu mwenye gari ameniagiza.

Aliniambia nisimpe hata akilia. Hakuniambia nifanye nini mimi nikilia.