Mtihani wa Damu ya Mama

Dada,

Shikamoo. Kabla hata hujaitikia, ujue barua hii imeandikwa na kijana mwerevu kuliko madaktari wote wa hospitali yetu, hata ukiwachemsha kwenye sufuria moja. Usicheke. Mimi niliyeacha shule nikiwa bado nagombana na kugawanya, mimi ambaye mwalimu wa hesabu aliniambia kichwa changu ni cha kuvalia kofia, nimefanya mtihani mbele ya watu wenye makoti meupe mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka wamenipa alama za juu. Katika ukoo wetu mzima nitajie mwingine.

Haya, hujambo? Shemeji hajambo? Na watoto, yule mkorofi anayefanana na mimi kaanza kusoma au bado anakula penseli? Huku mimi ni mzima. Bado naziba pancha pale gereji kwa yule mzee wa kikohozi, na mikono yangu inanuka mpira hata nikiisugua na sabuni ya unga. Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba hajambo kabisa. Nimeandika kama alivyosema, lakini wewe si mtoto.

Simu zako nimeziona zote. Ile sauti uliyonitumia ya mwisho, ukisema unakuja kumshika koo yule daktari aliyeyaona majibu ya damu ya Mama kuwa sawa huku miguu yake inakufa, niliisikiliza gerejini, na mwenzangu akaacha jeki akauliza huyo ni askari wa wapi. Sikukupigia kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nimalize sentensi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi kaa chini usome kabla hujakata tiketi.

Wewe ndiye uliyehangaika mpaka Mama akafanyiwa upasuaji wa kupunguzwa tumbo, na sote tulikushukuru, maana magoti yalikuwa yamemshinda na sukari ilikuwa inamnyemelea. Lakini uliondoka jeraha likiwa bado bichi, hukuona yaliyofuata. Kilo ziliporomoka kama mzigo uliokatika kamba. Pale jikoni mwa shule anakopika, wapishi wenzake wakamtania kwamba amesahau nusu yake hospitali, na wakauliza kama hiyo nusu inaweza kuja kuwasaidia kumenya. Mama akawa anapita mbele ya kioo, anarudi, anapita tena. Akawa anainama kuchochea jiko bila kuita mtu amwinue. Nilidhani nimeletewa mama mwingine, na huyu alikuwa anaimba.

Daktari alikuwa ametueleza, na wewe ukarudia mpaka masikio yakawasha, kwamba tumbo lililokatwa halinyonyi tena chakula kama zamani. Vidonge vya vitamini na madini ni kila siku, maisha yote, na damu ipimwe kila mwaka hata kama mtu anajisikia kuruka ukuta, kwa sababu mwili unaokosa vitamini haulii mapema. Ukanikabidhi mimi kazi hiyo. Ukasema, mara moja maishani mwako simamia kitu kisianguke.

Nilisimamia, Dada, mwanzoni. Lakini vidonge vile ni vikubwa kama vifungo vya koti, vingine vinanuka samaki aliyekata tamaa, na vile vya madini ya chuma vilimfungia choo mpaka akawa anatoka msalani na machozi. Akaniuliza kama alikatwa tumbo ili wapate nafasi ya kulijaza dawa. Akasema anayekunywa dawa ni mgonjwa, na yeye amepona, nimtazame anavyopanda ngazi. Nikamtazama. Alipanda ngazi kweli. Leo akaacha kimoja, kesho viwili. Bandu bandu, gogo likaisha. Chupa zikakaa juu ya kabati zikila vumbi, na mimi nikawa nazipangusa tu.

Mwaka ulipozunguka, hospitali wakamwita Mama aende kupimwa damu. Hapo nyumba nzima ikaingia hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa ya kwako. Mama anakuogopa, uliwahi kujua hilo? Amekuzaa, amekuogesha, lakini simu yako ikilia anavuta gauni lake chini kama yuko mbele ya mkaguzi. Akaniuliza tutafanyaje na hatujanywa dawa karibu mwaka mzima. Nami nikakumbuka kazi yangu. Tairi linalovuja polepole, ukilijaza upepo asubuhi ile mnunuzi anakuja, linasimama kama lililotoka kiwandani. Nikamwambia Mama aondoe shaka, mtihani wowote duniani husomewa siku za mwisho.

Basi kuelekea kipimo nikawa nasimama juu yake asubuhi na jioni. Vidonge namwekea maradufu, na dawa ya maji namnywesha kwa kijiko. Mama anafumba macho, anameza, ananilaani, anacheka. Nikimwuliza kama amemaliza kusoma ananijibu kwamba bado sura moja. Siku zile zilikuwa nzuri, usinikatalie. Tukaenda, binti wa maabara akamchoma sindano, majibu yakaja safi kama sahani ya mgeni.

Na wewe ukampigia shangazi, shangazi akampigia kila mwenye sikio, kwamba kijana amekuwa mtu mzima. Dada, jina langu lilikuwa halijawahi kukaa karibu na maneno hayo. Kila jina langu lilipotajwa, kilichofuata kilikuwa kitu kilichovunjika. Mwaka uliofuata tukasoma tena, tukafaulu tena. Na mwaka huu pia. Wewe ulitaka majibu mazuri, tukakupa majibu mazuri. Hukuwahi kumwuliza Mama kingine zaidi ya majibu, na hilo nalo nimeliandika hapa kwa sababu wino bado upo.

Kisha Mama akaanza kusema kwamba anahisi amevaa soksi. Yuko peku, lakini anahisi soksi. Tulicheka. Akaanza kuangusha miiko. Halafu siku moja jikoni maji ya moto yakamwagika kwenye mguu wake, naye akaendelea kukoroga sufuria kama hakuna lililotokea, mpaka mwenzake akapiga yowe. Ngozi ilikuwa imeshababuka.

Huyo daktari unayetaka kumkaba ni binti mdogo tu, pengine rika langu, mwenye sauti ya chini. Alimchoma Mama nyayo kwa pini kidogo kidogo akimwuliza wapi anahisi. Akauliza mengi. Majibu ya damu yalikuwa ya majuzi tu, na yalikuwa mazuri. Akasema basi tatizo si vitamini, hilo limeshaondoka mezani, tutafute kwingine. Akatafuta. Akampeleka kupigwa picha ya mgongo, akarudia sukari, akamtuma kwa bingwa wa mishipa ambaye foleni yake inafika barabarani. Miezi ikaenda hivyo. Mama akaanza kutembea kwa kushika ukuta. Ukija utaiona alama ya kiganja chake, imechora mstari mweusi kutoka chumbani mpaka mlango wa jikoni. Shuleni wamemwambia apumzike kwanza. Hawajasema mpaka lini.

Aliyeng'amua ni huyo huyo daktari. Siku tuliyokwenda kuchukua majibu ya picha akasema hebu tutoe damu tena sasa hivi. Hatukuwa tumesoma chochote. Majibu yalipotoka akatuita, akafunga mlango, akasema ghala ni tupu, hasa ile vitamini inayolisha mishipa ya fahamu. Akatuuliza taratibu imekuwaje. Nikamwambia Mama alikuwa anasahau dawa. Mama akatikisa kichwa kukubali, akamwambia daktari ndiyo mwanangu, uzee. Hakuniangalia.

Sasa anachomwa sindano, na vidonge anameza kweli. Daktari anasema mishipa mingine huamka, mingine ikishakaa na njaa muda mrefu haiamki tena. Akasema pia, bila ukali, kwamba kama tungeanza siku ile ya kwanza tulipoingia chumbani kwake, leo huenda Mama angekuwa anatembea mwenyewe. Neno hilo amelisema mara moja tu. Mimi nalisikia hata ninapopiga nyundo.

Kwa hiyo usimkabe. Najua sasa hivi umeshapata wa kumlaumu, unasema ni ule ujanja wangu wa tairi. Ni kweli, na ujanja ule nimeuandika kwa majivuno kama ulivyoona, maana ndivyo nilivyoumbwa. Lakini ujanja peke yake ungerekebishika. Kilichoharibu kila kitu hujakisikia bado, na Mama mwenyewe hakijui chote.

Siku ile ya kwanza daktari alimgeukia Mama akamwuliza uso kwa uso kama dawa zake anakunywa kila siku. Mama akaangalia mikono yake. Akavuta pumzi, akaanza kusema, mwanangu, kusema kweli hizi dawa... Mimi nikaona shangazi, nikakuona wewe, nikaona sifa zangu zote zinamwagika pale sakafuni. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Unakumbuka, ndivyo alivyokuwa akitufanyia sisi ugenini, tukitaka kukubali chakula cha pili. Nilikuwa na viatu vya kazini. Akaendelea kusema. Nikamkanyaga kwa kisigino, kwa nguvu. Akaendelea kusema vilevile, uso umetulia, macho kwa daktari.

Hakuhisi kitu, Dada.

Na mimi nikajua. Si lazima umalize shule ili ujue. Nilijua pale pale kwamba mguu ule umekufa na kwamba sababu yake ilikuwa juu ya kabati letu. Nikacheka. Nikamkatiza, nikamwambia daktari asimsikilize, Mama anachanganya mambo, dawa nampa mimi mwenyewe kila asubuhi kwa mkono huu. Daktari akatabasamu, akaandika, akamwambia Mama ana bahati ya kuwa na mtoto wa namna hiyo. Mama akanigeukia, akanitazama, akafunga mdomo.

Tulipofika nyumbani nikamvua kiatu. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umevilia damu. Akashangaa, akaniuliza amejigonga wapi. Nikamwambia labda ni mguu wa kiti.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na huyo mkorofi mwambie mjomba wake anamsalimu. Ukija, mkono wa kwanza mpe daktari, halafu unitafute mimi gerejini, sitakimbia. Mama nimwambie mimi au umwambie wewe, sijui. Bado anaamini ni kiti.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo